Tamathali za Mwambao: Ushairi wa Kirundi na Kiswahili kutoka Muhuta hadi Rumonge

Mwaka 1858 wasafiri Richard Burton na John Speke walipanda mitumbwi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, wakaelekea Uvira, wakipita mwambao wa Urundi, yaani Burundi ya leo. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton aliwalalamikia wapiga kasia kwa uimbaji wao: masikioni mwake ulikuwa huzuni ya mtu mmoja na makelele ya wenzake. Lakini alichokisikia kilikuwa uti wa mgongo wa ushairi wa ziwa hili. Mmoja huanzisha, wengi huitikia, na kiitikio kikirudi kwa wakati wake makasia yote huzama pamoja. Takriri, yaani urudiaji, hapo inafanya kazi, si pambo. Milimani Muhuta, juu ya mwambao huo wa Burundi, mpangilio huohuo umo katika imvyino, nyimbo za ngoma za Warundi.

Kirundi kina utajiri mwingine unaostahili kusikilizwa kwa makini: icivugo (wingi ivyivugo), yaani majigambo ya mchungaji au shujaa. Msemaji hujipa lakabu, hutia chuku ushindi wake, na huyamimina maneno kwa kasi hadi pumzi ikatike. Mwanaanthropolojia Ethel Albert, aliyefanya utafiti Burundi kati ya 1955 na 1957, alieleza katika makala yake ya 1964 jinsi wavulana wa koo za juu walivyoanza kufundishwa ufasaha wakiwa na miaka kama kumi: kutunga sifa, kuomba kwa adabu, kujitetea mbele ya wakubwa. Ilikuwa shule kamili ya balagha, bila ubao wala chaki.

Kiswahili kilifika kwa njia ya maji. Wafanyabiashara wa Ujiji, na hasa Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kama Rumaliza, walieneza nguvu zao upande huu wa Burundi katika miaka ya 1880. Walifanya biashara ya pembe na ya watumwa, na maumivu yake hayapaswi kufunikwa na sifa za lugha. Lugha yenyewe ilibaki, ikawa ya soko, ya msikiti na ya wavuvi wa Rumonge, kwenye mwambao huohuo.

Ni Ujiji hiyohiyo alikozaliwa Kaluta Amri Abedi mwaka 1924. Kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kiliweka kanuni za vina na mizani kwenye maandishi kwa namna ambayo walimu wanaifuata hadi leo. Nitoe mfano wa mshororo niliotunga mwenyewe kuhusu ndagala, yaani dagaa wa ziwa:

Ndagala za Tanganyika, usiku taa mewaka.

Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, una mizani (silabi) nane; utao, kipande cha pili, nane. Kina ni -ka pande zote mbili. “Mewaka” ni “zimewaka” iliyofupishwa ili mizani isizidi, na ufupishaji huo ndio inkisari.

Sasa chukua kipimo hicho ukapimie icivugo: majigambo hayo yataonekana kama yameshindwa. Wapo wanaofika mahali hapo wakasema kwamba kisicho na vina si ushairi, na hilo ni kosa kubwa. Katika Kirundi, kupanda na kushuka kwa sauti, pamoja na urefu wa irabu, hubadili maana ya neno. Sikio la Mrundi hufuata toni, kasi na mwangwi wa silabi. Kiswahili sanifu hakina toni za namna hiyo, na washairi wake waliujenga muziki wao juu ya hesabu ya silabi na mlingano wa mwisho.

Penye sitiari na fumbo, hata hivyo, lugha hizi mbili huelewana haraka. Mtoto wa Rumonge husikia “Kitendawili!” akajibu “Tega!”, jioni hiyohiyo bibi yake akianza kitendawili kwa Kirundi, “Sokwe!”, yeye hujibu “Niruze!”

Mwaka 2014 UNESCO iliorodhesha ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa binadamu, pamoja na mashairi ya kishujaa yanayoandamana nayo. Mapigo ya ngoma yamejulikana duniani, maneno bado. Walimu wa Muhuta na Rumonge, mnapofundisha takriri, chuku na lakabu, waiteni wazee darasani waghani ivyivugo vyao, na wanafunzi wavirekodi kwa simu zao pamoja na toni zake, kwa kuwa maandishi ya kawaida ya Kirundi hayaonyeshi toni.