Kinanda Kilichonyamaza na Fundi Wake

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, lililosomwa na Afisa wa Elimu



Kama ulilisikiliza somo hili redioni, maneno haya yatakukumbusha. Na kama hukulisikia, basi lisome polepole, na ukiweza msomee jirani yako. Leo tutazungumza juu ya historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya vinanda viwili vya umeme. Kimoja kilikufa, na sauti yake haikubaki hata katika santuri moja ijulikanayo. Cha pili kilikuwa karibu kufa, kikapelekwa kwa fundi, kikafufuka. Tutazame kwa nini yalikuwa hivyo, na sisi tupate mafunzo gani.

Ngoma ikipasuka, mwambaji huiwamba ngozi mpya. Uzi wa udi ukikatika, mpigaji mwenyewe hufunga mwingine. Jeraha la vyombo hivyo laonekana kwa macho. Lakini kinanda cha umeme kikinyamaza, ukikitazama kwa nje hakina kasoro: vitufe vyake vipo, ubao wake unang'aa, walakini sauti hakuna. Ugonjwa umo ndani, katika nyaya na vidude vidogo kuliko punje ya mahindi. Ndiyo maana kinanda cha namna hii hakiwezi kuishi pasipo mtu anayekijua.

Kinanda cha kwanza kiliitwa Telharmonium. Mjenzi wake alikuwa Mmarekani, jina lake Thaddeus Cahill, naye alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1897. Siku hizo redio ya kutangaza muziki ilikuwa haijakuwapo. Cahill alitumia magurudumu ya chuma yaliyozungushwa kwa nguvu, na kila gurudumu lilitoa mkondo wa umeme wenye mtetemo wa noti yake. Mkondo ule ulipitishwa katika nyaya za simu, ukafika hotelini na katika nyumba za chakula, watu wakasikia muziki kwa vipaza sauti vya pembe. Kinanda cha pili alichokijenga kilikuwa na uzito wa tani 200 hivi, nacho kilifunguliwa mjini New York mwaka 1906.

Watu walistaajabu, lakini taabu hazikuchelewa. Muziki uliingia katika mazungumzo ya simu ya watu wengine, wakanung'unika. Gharama zilikuwa kubwa mno, na mwaka 1914 kampuni ilifilisika. Cahill alikufa mwaka 1934. Ndugu yake alikitunza kinanda cha kwanza kwa miaka mingi, lakini mwisho nacho kilipotea. Fikra yake haikufa, maana mwaka 1935 Laurens Hammond alianza kuuza kinanda chake, nacho kilitumia magurudumu yanayozunguka vilevile, ila madogo. Lakini ukitaka leo kuisikia Telharmonium yenyewe, huwezi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tusogee mbele zaidi ya miaka 60, mjini New York palepale. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikutana watu wawili: Malcolm Cecil, Mwingereza mpiga besi aliyejua pia kazi ya ufundi wa umeme, na Robert Margouleff, Mmarekani. Walianza na sintesaiza ya Moog, yaani chombo kinachotengeneza sauti kutoka katika umeme mtupu. Kisha wakaongeza visanduku vya kampuni nyingine, na vingine Cecil akavitengeneza mwenyewe. Wakavipanga vyote katika makabati ya mbao yaliyopinda, hata mpigaji akawa kama mtu aliyesimama katikati ya nusu duara. Chombo hicho wakakiita TONTO.

Mwaka 1971 walitoa santuri iitwayo Zero Time. Mwimbaji kipofu Stevie Wonder aliisikia, akaja kuwatafuta. Tangu hapo wakafanya naye kazi katika santuri zilizojulikana duniani kote, kama Talking Book ya mwaka 1972 na Innervisions ya mwaka 1973. Hata huku kwetu, wengi waliozisikia nyimbo hizo redioni waliicheza sauti ya TONTO bila ya kujua jina lake.

Lakini angalia taabu iliyojificha ndani ya chombo hiki. Visanduku vya makampuni mbalimbali havisemi lugha moja. Kisanduku cha Moog huanza kutoa sauti volti zikishuka kufikia sufuri. Cha ARP huanza volti zikipanda. Ilimlazimu Cecil kuvipatanisha kama mkalimani apatanishavyo watu wa makabila mawili. Fundi wa kawaida, hata akiwa hodari, akikifungua chombo kama hicho hawezi kujua mara moja lipi ni kosa na lipi ni hila ya mjenzi.

Miaka ikapita, na umeme nao una uzee wake. Ndani ya vyombo hivi mna vidude viitwavyo kapasita, vinavyoweka umeme kwa kitambo. Namna moja ya kapasita ina maji ya dawa ndani yake, na baada ya miaka mingi hukauka. Hapo chombo hunguruma, au hunyamaza kabisa. Mahali pa kuunganisha nyaya huota kutu. Lehemu hupasuka. Tena chumba kikipata joto, noti hutoka mahali pake, kwa sababu katika sintesaiza nyingi volti 1 tu ni oktevu nzima, hata kasoro ndogo sana sikio huitambua.

Mwaka 2013 TONTO kilinunuliwa na National Music Centre, taasisi ya muziki iliyoko mjini Calgary, nchini Kanada. Hapo alikuwako fundi wa vyombo vya umeme, John Leimseider, naye akaongoza kazi ya kukitengeneza. Haikuwa kazi ya wiki moja. Ilichukua miaka, na mwaka 2018 TONTO kikasikika tena.

Sasa, msomaji, fikiri kidogo. Mwaka uleule wa 2018 Leimseider alifariki dunia. Mwaka 2021 akafariki Malcolm Cecil. Lau kazi ile ingaliahirishwa miaka michache tu, mjenzi na fundi wote wawili wangalikuwa kaburini, na TONTO kingalikuwa kabati la mbao la kutazamwa tu. Pesa zingaliweza kupatikana baadaye. Watu wale wasingaliweza kupatikana tena.

Huenda utasema, "Hayo ni mambo ya Marekani na Kanada, yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Makanisani mwetu na katika vikundi vya taarabu na dansi mna vinanda vya umeme vilivyonunuliwa kwa michango ya watu wengi. Kikinyamaza, aghalabu hufanyika moja kati ya mawili: kijana asiyejua hukifungua kwa bisibisi, au kinatupwa stoo mpaka panya wajenge humo. Yote mawili ni hasara. Tena kukifungua ni hatari, kwa maana kapasita huweza kuwa na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Fanya hivi. Kwanza, kipeleke mapema kwa fundi anayejua, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Pili, andika barua uitie pamoja nacho: kiliharibika lini, kitufe gani, kilinguruma au kilinyamaza ghafula. Tatu, usitupe kitabu chake wala mchoro wa nyaya. Nne, fundi akimaliza, mwombe aandike alichobadilisha, nawe ukiweke.

Na wewe fundi, unayesoma haya karakanani mwako, neno la mwisho ni lako. Usiufungie ujuzi kichwani. Chukua mwanagenzi, mwoneshe siri za kazi ungali una nguvu. Mali ya kwanza ya kuhifadhi ni ujuzi, maana kinanda chaweza kungoja stoo miaka kumi, lakini umri wa mtu haungoji.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini fikra ya Cahill iliishi, bali kinanda chake kikapotea?
2. Ni kitu gani kilichookoa TONTO: pesa, mjenzi, au fundi?
3. Katika mji wenu, ni fundi yupi ambaye ujuzi wake hauna mrithi? Kikundi chenu chaweza kufanya nini kabla ya mwaka huu kwisha?