Giraud, jenerali aliyewatoroka Wajerumani mara mbili

Aprili 17, 1942, mzee wa miaka 63 alijifunga kamba kiunoni akaanza kuteremka ukuta na jabali la Königstein, ngome ya milimani mashariki mwa Ujerumani walimofungwa majenerali wa Ufaransa. Kamba hiyo, yenye urefu wa mita zipatazo 45, aliisokota mwenyewe kwa miezi kadhaa kwa nyuzi za kufungia vifurushi, ikatiwa waya wa shaba isikatike. Alipofika chini alinyoa masharubu yake maarufu, akavaa nguo za kiraia na kupanda treni, mpaka akafika Uswisi. Kila tarehe hiyo inaporudi, jina la Henri Giraud lingestahili kutajwa. Ni wachache wanaolitaja.

Hakuwa mgeni wa kutoroka. Agosti 1914, akiwa kapteni wa kikosi cha Zouaves, alijeruhiwa vibaya karibu na Guise, wenzake wakamwacha wakidhani amekufa. Wajerumani wakamwokota na kumfanya mateka. Baada ya miezi michache alijifanya kibarua wa sarakasi, akapenya Ubelgiji na kurudi kwao kupitia Uholanzi. Mwaka 1917 askari wake waliteka ngome ya La Malmaison. Kisha zikaja vita vya Rif huko Morocco na uongozi wa kijeshi mjini Metz, ambako chini yake alikuwepo kanali mmoja wa vifaru aitwaye Charles de Gaulle. Mei 1940 akatekwa tena.

Mwaka 1946 Giraud alisimulia mikasa hii katika kitabu alichokiita Mes évasions, kwa fahari isiyofichika. Lakini usiku uliomponza zaidi umesimuliwa na mtu mwingine, Jenerali Dwight Eisenhower, katika kumbukumbu zake za vita.

Novemba 1942 Marekani na Uingereza zilikuwa zikijiandaa kuivamia Afrika Kaskazini, na zilihitaji Mfaransa ambaye majeshi ya huko yangemtii. Giraud alikubali, kwa sharti kwamba asibebwe na Waingereza. Hakuwa amesahau Mers el-Kébir, ambako Julai 1940 makombora ya Uingereza yaliwaua mabaharia wa Kifaransa zaidi ya 1,200. Nyambizi iliyokuwa karibu kumchukua kutoka Ufaransa ilikuwa ya Uingereza, Seraph. Basi Mmarekani, Kapteni Jerauld Wright, akapewa uongozi wa jina tu, na kazi yenyewe ikaendelea kufanywa na Luteni Bill Jewell. Baharini jenerali alihamishiwa ndege ya kutua majini, akafikishwa Gibraltar Novemba 7.

Humo, ndani ya mahandaki ya mwamba, aliingia kwa Eisenhower, kamanda wa uvamizi huo, akiamini amekuja kukabidhiwa uongozi wa uvamizi wote. Meli zilikuwa zimekwisha karibia pwani. Zilibaki saa chache askari washuke. Eisenhower alimweleza kwamba angewaongoza Wafaransa wa Afrika Kaskazini, si majeshi yote. Giraud akakataa. Wakabishana saa nyingi, mkalimani katikati, na usiku ule mzee akaondoka akisema yeye atabaki mtazamaji. Asubuhi yake alikubali, lakini uvamizi ulikuwa umeanza bila yeye. Alipotua Algeria, maofisa aliotumwa kuwavuta hawakumjali. Walimsikiliza Admirali Darlan wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani. Mtu aliyeshinda ukuta wa Königstein kwa subira alikosa subira ya usiku mmoja.

Darlan aliuawa Desemba 24, na Giraud akachukua nafasi yake. Januari 1943, mjini Casablanca, yeye na de Gaulle, sasa kiongozi wa Wafaransa Huru na mpinzani wake, walipeana mikono mbele ya Roosevelt, Churchill na wapiga picha. Giraud alikuwa na nyota tano, de Gaulle mbili, naye aliamini cheo kingetosha. Tena akajiharibia: Machi mwaka ule alifuta sheria za Vichy lakini papo hapo akawanyima Wayahudi wa Algeria uraia wao. Hilo haliwezi kufunikwa kwa sifa za kamba.

Hata hivyo, jeshi lililopata silaha za Kimarekani kwa jitihada zake lilijaa Wamorocco, Waalgeria na Watunisia. Septemba 1943 aliwatuma baadhi yao Corsica bila kumwarifu de Gaulle mapema, na Oktoba 4 kisiwa kilikuwa huru. Wanaume hao wa Afrika wamesahauliwa kuliko jenerali wao, na aibu hiyo ni ya Ufaransa.

Ushindi huo wa Corsica, alioupanga bila de Gaulle kujua, ndio uliomwondoa Giraud. Katika miezi iliyofuata alipoteza uenyekiti wa Kamati ya Ukombozi ya Wafaransa, alioushika pamoja na de Gaulle, na Aprili 1944 akavuliwa uongozi wa jeshi. Binti yake alikuwa amekwisha fia Ujerumani akiwa mateka. Agosti mwaka huo mlinzi alimpiga risasi huko Mostaganem, akapona. Alifariki Dijon Machi 11, 1949, akazikwa Les Invalides, jijini Paris, jengo ambalo wageni wengi huliingia wakilitafuta kaburi la Napoleon.