Chanda Chema na Pete Iliyochelewa: Ombi la Nishani la Askari Mkongwe nchini Uganda, kutoka Keya hadi Kololo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya madai ya nishani miongoni mwa askari wakongwe wa Uganda. Yanaanza na waliotumikia King's African Rifles (KAR), jeshi lililojulikana kwa wenyeji kama Keya, na kuishia na nishani zilizowekwa na sheria ya Jamhuri ya Uganda ya mwaka 2001. Mtaa wa Bukoto, Kampala, unatumiwa kama mahali pa kuitazamia safari ya ombi hilo. Inadaiwa kwamba nishani isiyotolewa ni pengo katika kumbukumbu za utumishi, na kwamba pengo hilo lilitokana na taratibu za uthibitisho kuliko kukosekana kwa stahili. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne ya kisera.

1. Utangulizi

Bukoto ni mtaa wa Divisheni ya Nakawa, kaskazini-mashariki mwa kitovu cha Kampala, jirani na Kamwokya, Ntinda na Naguru. Kutoka hapo hadi uwanja wa Kololo, ambako bendera ya Uganda ilipandishwa mara ya kwanza tarehe 9 Oktoba 1962, ni mwendo wa mtu kwa miguu. Katika sikukuu za taifa, Kololo ni mojawapo ya viwanja ambako nishani huvalishwa vifuani mbele ya umma.

Hata hivyo, ombi la mzee wa Bukoto anayetaka kutambuliwa kwa utumishi wake halipiti daima katika njia hiyo fupi. Ikiwa alikuwa Keya, ombi lake huelekezwa Uingereza. Ikiwa alipigana katika vita vya Kagera au vya Luwero, huelekezwa kwa vyombo vya Jamhuri. Ikiwa alitumikia jeshi lililoshindwa, ni vigumu kuuona mlango wa kubisha. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Methali hiyo haisemi ni nani mwenye mamlaka ya kuuthibitisha wema wa chanda, na hapo ndipo penye kiini cha historia hii.

2. Keya na nishani za Vita vya Pili vya Dunia

KAR iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uingereza vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Batalioni ya nne ndiyo iliyokuwa ya Uganda, na Bombo, kaskazini mwa Kampala, ikawa kambi yake kwa miaka mingi. Vita vya mwaka 1939 hadi 1945 vilipozuka, uandikishaji ulipanuka kupita mipaka ya awali. Idadi inayotajwa mara nyingi kwa Uganda ni takriban watu 77,000, wakiwemo wapiganaji, madereva, wapishi, mafundi na wabebaji mizigo.

Askari hao walipelekwa mbali. Mwaka 1941 majeshi ya Afrika Mashariki yalishiriki kuwaondoa Waitalia Uhabeshi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo batalioni ya nne ya Uganda ilikuwa sehemu yake, ilisonga mbele katika bonde la Kabaw nchini Burma wakati wa masika makali, katikati ya matope na malaria, hadi Kalewa ilipotekwa mwezi Desemba. Si wote waliofika huko. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi ikiwa safarini kutoka Mombasa kwenda Colombo, na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliangamia.

Kwa utumishi huo ziliwekwa nishani kadhaa. Nyota ya Afrika ilihusu utumishi wa kati ya tarehe 10 Juni 1940 na tarehe 12 Mei 1943, na Nyota ya Burma ule wa kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945. Nishani ya Vita ilihitaji siku 28 tu za utumishi wa kudumu. Kwa masharti haya, askari wengi wa Uganda walistahili angalau nishani moja, na wengi zaidi ya moja.

3. Kustahili na kupokea

Baina ya kustahili na kupokea palikuwa na hatua ya tatu, nayo ni kudai. Baada ya vita, askari wa nchi kavu walioachishwa hawakupelekewa nishani moja kwa moja, ilibidi waziombe. Hata Uingereza kwenyewe nishani nyingi hazikudaiwa. Lakini utaratibu uliokuwa usumbufu mdogo kwa mtu aliyesoma na mwenye anwani ya posta ulikuwa ukuta kwa mtu aliyerudi kijijini bila kujua kusoma fomu ya Kiingereza.

Ukuta huo uliongezwa kimo na mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu. Majadala ya askari wa kawaida Waafrika yalitunzwa zaidi na tawala za makoloni, na mtafiti anayeyatafuta London hapati kile anachopata kuhusu maafisa Waingereza. Uthibitisho ulibaki katika cheti cha kuachishwa jeshini, karatasi ambayo moto, mchwa au kuhama kwa ghafla wakati wa misukosuko ya Uganda kungeweza kuipoteza. La pili ni kwamba nyota za vita hivyo zilizotolewa na Uingereza hazikuchongwa jina la mpokeaji. Mrithi aliyeikuta nyota katika sanduku la babu yake ana chuma, lakini chuma hicho peke yake hakisemi kilikuwa cha nani.

Kwa hiyo cheti na nishani vilitegemeana: aliyepoteza cheti alipoteza njia ya kuidai nishani, na aliyeipata nishani bila cheti hakuweza kuonyesha kuwa ni yake.

4. Jina, namba na lugha

Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya mazungumzo katika KAR, na askari waliandikiwa magazeti yao, Askari na Heshima, wakati wa vita. Mganda, Mlango na Mwacholi waliweza kuelewana mstarini kwa lugha ambayo hakuna aliyeizaliwa nayo. Lakini daftari la jeshi liliandikwa na karani kwa jinsi alivyosikia. Jina moja lingeweza kuandikwa kwa tahajia mbili au tatu, jina la baba likageuzwa la ukoo, na jina la ubatizo la baadaye lisifanane na lile la siku ya kuandikishwa. Namba ya jeshi ndiyo iliyodumu, na aliyeikumbuka namba yake alikuwa na ushahidi imara kuliko aliyekumbuka mapigano yote.

Hali hii inaeleza kwa nini kumbukumbu simulizi, ambazo wanahistoria kama Timothy Parsons wamezitumia katika utafiti wao kuhusu maisha ya askari wa kawaida wa KAR, hazikuwa na uzito uleule mezani pa mtoa nishani. Mzee aweza kueleza kwa usahihi mpangilio wa kambi, jina la ofisa wake na mto uliovukwa. Ofisi huomba karatasi.

Swali la nishani haliwezi pia kutengwa na swali la malipo. Mwaka 2019 zilitangazwa nyaraka zilizoonyesha kwamba kiinua mgongo cha askari wa Afrika kilipangwa kwa rangi, mzungu akipata hadi mara tatu ya alichopata Mwafrika wa cheo sawa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu mengi ya Waafrika na Waasia waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao. Misaada ya chakula na fedha kwa wakongwe maskini, ambayo serikali ya Uingereza iliitangaza mwaka 2018, ni jambo jema, lakini msaada hutolewa kwa mhitaji na nishani hutolewa kwa mstahiki. Mzee anayeomba nishani haombi kuhurumiwa.

5. Nishani za Jamhuri

Sheria ya Heshima na Tuzo za Taifa ya mwaka 2001 iliipa Uganda mfumo wake. Miongoni mwa nishani zake, ya Kagera inahusu mapambano dhidi ya utawala wa Idi Amin, ya Pembetatu ya Luwero inahusu vita vya msituni vilivyoishia mwaka 1986, na ya Nalubaale inawahusu raia waliochangia maendeleo ya kisiasa ya nchi. Mfumo huu ulirekebisha dosari moja kubwa ya ukoloni: heshima sasa hutolewa nyumbani, na raia asiyebeba silaha anaweza kutambuliwa.

Lakini orodha ya nishani ni historia iliyochaguliwa. Jeshi la nchi lilivunjika mwaka 1979 na tena mwaka 1986, na kila mara kumbukumbu zake zilitawanyika pamoja na watu wake. Keya aliyepigana Burma alipigana kwa amri ya mfalme wa mbali, hivyo hana nafasi dhahiri katika masimulizi ya ukombozi. Mpiganaji wa msituni anayo nafasi hiyo, lakini vita vya msituni havikuwa na karani makini. Uthibitisho wake hutegemea kamanda ambaye huenda amekufa, au wenzake ambao nao wanasubiri. Hivyo mzee wa Burma na mzee wa Luwero, wakikutana Bukoto, wanatofautiana juu ya nani aliwatuma vitani, lakini wanaulizwa swali moja: una nini cha kuonyesha?

6. Hitimisho na mapendekezo

Aliyekuwa na umri wa miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1927. Kwa Keya wa vita hivyo, dai limekwishahamia kwa watoto na wajukuu. Waliopigana mwaka 1979 nao wamezeeka. Kuchelewa kwa jibu, hata bila nia mbaya, kunakuwa sawa na kukataa.

Mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziunganishe daftari za KAR zilizosalia katika nyaraka zao za taifa, kwa kuwa batalioni zilivuka mipaka ya leo. Pili, uwekwe utaratibu wa kupokea ushahidi wa mdomo uliochukuliwa chini ya kiapo, ukiambatana na barua ya mwenyekiti wa LC I na kulinganishwa na shajara za vita za batalioni. Tatu, fomu za maombi zipatikane kwa Kiswahili, lugha ambayo askari hao walitumikia kwayo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, inaweza kuratibu kazi hiyo. Nne, kila ombi lijibiwe kwa maandishi na kwa sababu, ndani ya muda uliowekwa, hata pale linapokataliwa.

Pendekezo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote na ndilo lenye uzito kwa mwombaji. Jibu la maandishi, hata la kukataa, huacha alama kwamba mtu huyo aliomba, kwamba jina lake liliandikwa, na kwamba mrithi wake anaweza kuanzia hapo.