Saa ya Hobbiton, Barabara ya Ghân

Anayepanga mataifa kwenye ngazi moja, zana za mawe chini na mashine juu, hupotea mapema akiingia Middle-earth, dunia aliyoibuni J.R.R. Tolkien katika The Hobbit (1937) na The Lord of the Rings (1954–1955). Huko wenye saa na posta ni wakulima wafupi wasiovaa viatu. Wafalme walio mbali nao hupigana kwa mikuki na panga.

Wakulima hao ni Wahobiti wa Shire. Dibaji ya The Lord of the Rings inasema hawakuelewa wala kupenda mashine yenye mambo mengi kuliko mivukuto ya mhunzi, kinu cha maji au kitanda cha kufumia. Lakini Mhobiti Bilbo Baggins ana saa juu ya meko, na mialiko ya sherehe yake inaielemea posta ya Hobbiton. Chanzo cha Shire hiyo kinajulikana. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892 na kukulia Sarehole, karibu na Birmingham, penye kinu cha maji, aliandika katika barua kwamba Shire ni kama kijiji cha Warwickshire wakati wa jubilei ya almasi ya Malkia Victoria, yaani 1897.

Wahobiti wana hata makumbusho, huko Michel Delving. Bilbo aliazimisha humo deraya ya mithril, kazi ya Wadwafu, mafundi wakuu wa madini. Mchawi Gandalf anakuja kusema kwamba thamani ya deraya hiyo ilizidi Shire nzima na vyote vilivyomo. Kwa hiyo kilele cha ufundi wa uhunzi kiliwekwa kati ya vitu visivyo na kazi, mikononi mwa watu wasio na jeshi.

Rohan, ufalme wa wapanda farasi, ni karne nyingine kabisa. Majina ya watu wake yametokana na Kiingereza cha kale, na Tolkien aliona kwamba mavazi yao ya vita yanakaribiana na yale ya pazia la Bayeux, la karne ya 11. Jirani yao Gondor aliilinganisha na Bizanti iliyochakaa, na kwa majengo yake makubwa, na Misri ya kale. Gondor inalinda mawe ya kuonea mbali, palantíri, ambayo haiwezi kuyatengeneza. Ujuzi wake unarudi nyuma, jambo ambalo historia za kubuni husahau mara nyingi.

Anayekwenda mbele kwa mashine ni mchawi Saruman. Ngome yake, Isengard, ina matanuri na magurudumu, na kwenye vita vya Helm's Deep majeshi yake yanabomoa ukuta kwa moto unaolipuka. Baadaye watu wake wanajenga Hobbiton kinu kikubwa kinachochafua maji ya kijito. Tolkien alipigana Somme mwaka 1916, na si ajabu kwamba ndani ya kurasa hizi mashine hufika pamoja na moshi na miti iliyokatwa.

Kipimo cha ngazi huvunjika kabisa kwenye msitu wa Drúadan. Jeshi la Rohan linakimbia kuiokoa Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, na njia kuu imezibwa na adui. Anatokea Ghân-buri-Ghân, mkuu wa watu wa msituni, ambao wapanda farasi wa Rohan walikuwa wakiwawinda kama wanyama. Anasema adui ni wengi kuwazidi wapanda farasi. Éomer wa Rohan anapomuuliza amejuaje, mzee anaudhika, kisha anataja hesabu ya wapanda farasi kwa kuhesabu ishirini ishirini: 6,000. Tena anaijua barabara ya kubebea mawe iliyojengwa na Gondor yenyewe, ambayo Gondor imeisahau. Malipo anayoomba ni watu wake waachwe kwa amani msituni. Aragorn alipokuwa mfalme wa Gondor aliwapa msitu huo uwe wao, na akakataza mtu yeyote kuuingia bila idhini yao.