Kutoka Old Kampala hadi Kwa Jirani Kupitia Ng'ambo

Mji wa Kampala ulianzia kwenye kilima kinachoitwa leo Old Kampala. Hapo ndipo Frederick Lugard wa Imperial British East Africa Company alipopiga kambi Desemba 1890 na kujenga ngome. Barua za ngome hiyo zilipelekwa Mombasa kwa miguu, safari ya miezi, ndipo zipakiwe melini. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala yenyewe mwaka 1931. Hata hivyo Uganda haina pwani, na mawasiliano yake na ng'ambo yaliendelea kutegemea njia za nchi nyingine.

Hali hiyo ilijirudia kwenye kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Charles Musisi aliendesha katika Chuo Kikuu cha Makerere kituo cha barua pepe kilichojulikana kama MUKLA. Barua zilirundikwa kwenye mashine, zikabanwa ziwe fungu dogo, kisha modemu ikaunganishwa na GreenNet ya London kwa simu ya kimataifa na mafungu yakabadilishwa. Kwa kuwa kila dakika ya simu ililipiwa, kubana hakukuwa anasa. Mwaka 1995 kikoa cha .ug kilisajiliwa, na Musisi ndiye aliyekisimamia.

Kampuni za intaneti zilipoanza biashara, kila moja ilitega dishi lake la setilaiti, na hapo ndipo ulipozuka upuuzi ambao mteja hakuuona. Setilaiti hizo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Barua ya ofisi moja ya Kampala kwenda ofisi ya mtaa wa pili, yenye kampuni nyingine, ilipanda angani, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena na kurudi Kampala: kilomita 144,000 hivi. Jibu lilipita njia hiyo hiyo, hivyo kwenda na kurudi kulikula karibu sekunde nzima, na pande zote mbili zilikuwa zimelipia setilaiti kwa dola.

Dawa yake ilikuwa swichi moja mjini. Kituo cha kubadilishana data cha Uganda, UIXP, kilianza mwaka 2001. Nairobi ilikuwa imetangulia Novemba 2000, lakini kituo chake kilifungwa baada ya wiki mbili hivi kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, kikafunguliwa upya mwaka 2002. Kiufundi jambo lenyewe ni jepesi: kila kampuni huleta waya hadi kwenye swichi na ruta yake hutangaza anwani za wateja wake. Ikitangaza kwa makosa anwani za mwenzake, data hupotelea kusikohusika, na mteja asiye na kosa ndiye anayekatikiwa. Ndiyo maana mafundi makini huweka vichujio kabla ya kuwasha.

Kebo ya SEACOM ilipofika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, setilaiti ilianza kuachwa. Safari ya Ulaya ikafupika sana, ila kebo nayo hulipiwa, kwa hiyo data ya Kampala kwenda Kampala iliendelea kupita UIXP.