Mechi 400 za Shaun Burgoyne na wazee waliomtangulia

Agosti 2024, Scott Pendlebury wa klabu ya Collingwood alipofikisha mechi yake ya 400 katika ligi kuu ya kandanda ya Kiaustralia, orodha fupi kuliko zote katika mchezo huo ilisomwa upya: Kevin Bartlett, Michael Tuck, Dustin Fletcher, Brent Harvey, Shaun Burgoyne, na sasa Pendlebury. Ni watu sita tu kati ya zaidi ya 12,000 waliowahi kuvaa jezi ya klabu ya ligi hiyo tangu ilipoanza mwaka 1897.

Jina la tano lilisomwa haraka kama mengine. Halikustahili haraka hiyo. Shaun Burgoyne ndiye Mwaborijini, yaani mwenyeji asilia wa Australia, pekee katika orodha hiyo, na ili yeye afike hapo ilibidi wazee wake wavumilie mambo ambayo wenzake wengine watano hawakuwahi kuyaonja.

Msomaji asiyeujua mchezo huu auelewe kwanza. Unachezwa kwenye uwanja wa duara dufu, wachezaji 18 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai. Goli ni pointi sita, na mpira ukipita kati ya mlingoti mrefu na mfupi wa pembeni unahesabiwa pointi moja. Robo nne, kila moja ya dakika 20 pamoja na nyongeza, na mchezaji anaweza kukimbia kilomita 13 au zaidi huku akigongwa na kuangushwa kutoka pande zote. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Msimu wa kawaida una mechi 22 au 23, kwa hiyo mechi 400 ni takriban misimu 18 mfululizo bila goti kukataa. Anayefikisha 300 tu hubebwa mabegani na wenzake kutoka uwanjani na kupewa uanachama wa maisha wa ligi.

Burgoyne, kijana wa Port Lincoln, mji wa bandari wa Australia Kusini, alizaliwa mwaka 1982. Alianza na Port Adelaide mwaka 2002, akatwaa ubingwa mwaka 2004, akahamia Hawthorn mwishoni mwa 2009 akiwa na goti bovu lililowatia watu wasiwasi. Goti lilitengemaa. Akatwaa ubingwa mara tatu zaidi, 2013, 2014 na 2015, na ni yeye aliyefunga goli lililoivusha Hawthorn mbele ya Geelong katika nusu fainali ya 2013. Alistaafu mwaka 2021 akiwa na mechi 407. Kwa ulaini wa mikono na miguu yake walimwita Hariri.

Hiyo ndiyo safari ya mtu mmoja. Safari ya watu wake ni ndefu zaidi.

Anayetajwa kuwa Mwaborijini wa kwanza katika ligi ni Joe Johnson, aliyeanza na Fitzroy mwaka 1904 na kutwaa ubingwa mwaka huohuo na uliofuata. Baada yake mlango ulifunguka kwa ncha tu. Doug Nicholls, kijana mfupi mwenye mbio za ajabu, alikwenda Carlton mwaka 1927 akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Alisubiri hadi 1932 ndipo Fitzroy ikampokea. Mtu huyohuyo aliyekataliwa alikuja kuwa mchungaji, akapewa cheo cha Sir, na mwaka 1976 akawa gavana wa Australia Kusini. Leo raundi ya ligi inayowaenzi wenyeji asilia ina jina lake. Miaka ya 1950 na 1960 akaja Graham Farmer, aliyeitwa Polly, mtoto aliyelelewa katika makao ya watoto huko Perth, akabadilisha namna pasi ya mkono inavyotumika na kucheza mechi 356 baina ya Australia Magharibi na Geelong.

Hawa walikuwa mmoja mmoja. Uwanjani walishangiliwa au kutukanwa, na matusi yakahesabiwa kuwa sehemu ya mchezo. Aliyelalamika aliambiwa ana moyo mwepesi. Hali hiyo ilidumu hadi Jumamosi moja ya mwaka 1993.

Historia ya siku hiyo imeandikwa kwa kina na Matthew Klugman na Gary Osmond katika kitabu chao cha 2013, Black and Proud, na mwandishi wa makala haya anakubaliana nao kwamba picha moja ya siku ile ilifanya kazi ambayo hotuba za miaka mingi zilishindwa.

Tarehe 17 Aprili 1993, St Kilda walikwenda Victoria Park, uwanja wa nyumbani wa Collingwood katika mtaa wa Abbotsford, Melbourne. Ulikuwa uwanja mdogo, mashabiki wakiwa karibu na mstari kiasi kwamba mchezaji aliyesimama pembeni alisikia kila neno. St Kilda hawakuwa wameshinda hapo tangu 1976. Walikuwa na Waaborijini wawili: Nicky Winmar, wa jamii ya Wanoongar ya Australia Magharibi, na Gilbert McAdam. Wawili hao walitangulia kufika na kukaa kutazama mechi ya kikosi cha akiba, na matusi yakaanza hapohapo, kabla hata hawajavaa jezi. Waliahidiana kwamba jibu lao litakuwa mchezo wenyewe.

Walitimiza. McAdam alifunga magoli matano. Winmar alikuwa kila mahali, akinyaka mipira hewani na kuipeleka mbele kwa miguu yote miwili, na kila alipokaribia uzio matusi yalizidi. King'ora cha mwisho kilipolia, St Kilda walikuwa mbele kwa pointi 22. Winmar hakukimbilia chumba cha kubadilishia nguo. Aligeuka akawakabili mashabiki wa Collingwood, akainua jezi kwa mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono wa pili akaonyesha ngozi ya tumbo lake. Akasema kwamba yeye ni mweusi na anajivunia kuwa mweusi.

Wapiga picha wawili walikuwa karibu. Wayne Ludbey alikuwa wa Sunday Age na John Feder alikuwa wa Sunday Herald Sun, magazeti hasimu ya mji mmoja. Wote walipata tukio lilelile. Ludbey aliyasikia maneno na alirudi ofisini akisisitiza kwamba picha ile inahusu rangi na si ushindi wa mechi, na kwamba mahali pake ni ukurasa wa mbele. Kesho yake magazeti yote mawili yaliichapa, lakini si kwa maana moja: moja lilizungumzia fahari ya mtu mweusi, jingine likamsifu mchezaji kwa ujasiri wa tumbo lake, kana kwamba alikuwa akionyesha kifua cha mpiganaji tu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na haukuisha upesi. Siku chache baadaye mwenyekiti wa Collingwood, Allan McAlister, alihojiwa kwenye televisheni na kusema kwamba hawana neno na Waaborijini mradi wajiendeshe kama wazungu. Kauli hiyo ilisambaa nchi nzima. Ilikuja chini ya mwaka mmoja baada ya hukumu ya kesi ya Mabo, ambayo kwayo Mahakama Kuu ya Australia ilikiri kwamba wenyeji walikuwa na haki juu ya ardhi yao kabla ya Waingereza kufika. Mjadala wa ardhi ukakutana na mjadala wa uwanja, na watu ambao hawakuwahi kusoma hukumu waliielewa picha. Mwanzoni mwa 1994 Collingwood walikwenda Darwin kucheza na kikosi cha nyota wa Kiaborijini, wakafungwa.

Ubishi juu ya maana ya picha uliendelea kwa zaidi ya robo karne. Watangazaji watatu walipodai hadharani kwamba Winmar hakuwa akizungumzia rangi, bali ujasiri tu, aliwakabili kisheria, na mwaka 2020 wakaomba radhi. Sanamu yake, jezi juu na kidole tumboni, inasimama tangu 2019 nje ya uwanja mkubwa wa Perth, katika ardhi ya Wanoongar wenzake.

Winmar hakuishia kuwa picha. Ndiye Mwaborijini wa kwanza kufikisha mechi 200 katika ligi, na alimaliza na 251. Mwaka uleule wa 1993 Gavin Wanganeen wa Essendon alikuwa Mwaborijini wa kwanza kushinda medali ya Brownlow ya mchezaji bora. Mwaka 1995 mwenzake Michael Long alikataa kunyamaza baada ya kutukanwa na mpinzani kwenye mechi ya siku ya Anzac, siku ya kuwakumbuka wanajeshi, na ligi ikaandika kanuni ya kwanza ya kuadhibu matusi ya rangi. Tangu hapo namba zilipanda. Wanganeen alikuwa wa kwanza kufikisha 300, akastaafu nazo mwaka 2006. Andrew McLeod wa Adelaide alifika 340.

Kisha Adam Goodes. Mechi 372, zote akiwa na Sydney, medali mbili za Brownlow, ubingwa wa 2005 na 2012. Mei 2013 shabiki wa umri wa miaka 13 alimwita nyani. Goodes alimwonyesha kwa kidole, walinzi wakamtoa, na siku iliyofuata akawaomba watu wasimlaumu mtoto. Mwaka 2014 alitunukiwa heshima ya Mwaustralia wa Mwaka na akaitumia kusema wazi kuhusu historia ya nchi yake. Malipo yake yalikuwa kuzomewa, uwanja baada ya uwanja. Mei 2015 alisherehekea goli kwa ngoma ya vita ya Kiaborijini, na kuzomea kukazidi hadi mwisho wa Julai akaomba mapumziko. Mechi iliyofuata hakuwepo. Dakika ya saba ya robo ya tatu, kwa heshima ya jezi yake namba 37, uwanja wa Sydney ulisimama na kumpigia makofi. Alirudi, akacheza hadi timu ilipotolewa Septemba, akastaafu bila kutokea kwenye gwaride la wastaafu siku ya fainali.

Filamu ya Ian Darling, The Final Quarter, imetengenezwa kwa picha za wakati ule tu, na anayeitazama anasikia zomeazomea hiyo yote bila mtu wa kumtafsiria. Ilipotoka mwaka 2019, ligi na klabu zote 18 ziliomba radhi. Ilikuwa imepita miaka minne.

Sasa turudi Juni 2021. Mwanzoni mwa mwezi ilitangazwa kwamba Goodes amekataa kuingizwa katika Jumba la Watukufu la mchezo huu. Siku chache baadaye, Launceston katika kisiwa cha Tasmania, ambako karne ya 19 walowezi walikaribia kuwafuta wenyeji kabisa, Shaun Burgoyne mwenye umri wa miaka 38 aliingia uwanjani kwa mara ya 400. Hawthorn walifungwa na Essendon siku hiyo, lakini alibebwa mabegani. Mwezi mmoja ulikuwa na mambo mawili: mmoja alikataa heshima ya nyumba iliyomwumiza, mwingine alifika kilele cha nyumba hiyohiyo. Anayeona kwamba mambo hayo yanapingana hajaisoma historia. Goodes aliondoka kwa sababu ya kile ambacho Burgoyne na vijana wake walistahili kukikuta kimeondolewa.

Miaka iliyofuata inasimulika kwa maneno machache. Mwaka 2022 familia za wachezaji wa zamani wa Kiaborijini wa Hawthorn zilitoa madai mazito juu ya walivyotendewa. Waliotajwa walikana, na uchunguzi wa ligi ulifungwa mwaka 2023 bila kumtia mtu hatiani. Idadi ya wachezaji wa asili, iliyofikia 87 mwaka 2020, imeshuka. Wakati huohuo wameingia vijana wenye asili ya Afrika, akiwamo Aliir Aliir, aliyezaliwa na wazazi wa Sudan Kusini katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na kuwa beki anayeheshimika. Njia anayoipita ilifyekwa na Winmar na Goodes.

Waswahili husema mla ni mla leo, mla jana kala nini, na michezo huishi kwa kanuni hiyo. Ndiyo maana orodha ya watu sita husomwa kwa sekunde kumi na kusahaulika. Lakini rekodi ya Burgoyne inauliza swali ambalo ligi haijalijibu. Wenyeji asilia ni chini ya asilimia 4 ya Waaustralia, na wameupa mchezo huu sehemu kubwa ya uzuri wake. Polly Farmer alikuwa kocha mkuu wa Geelong kati ya 1973 na 1975. Lakini tangu katikati ya miaka ya 1980 hakuna klabu iliyomkabidhi Mwaborijini ukocha mkuu wa kudumu. Mtu aliyecheza mechi 407 na kutwaa ubingwa mara nne katika klabu mbili anaujua mchezo kuliko karibu kila aliye hai. Kumbeba mabegani ni heshima ya jioni moja. Kumpa timu aifundishe, na kumpa muda uleule wa kukosea na kujirekebisha unaopewa makocha wengine, ndiyo heshima ambayo ligi bado inadaiwa.