Gharama ya kumng'oa Amin haikuishia Kampala

Kwa anayetazama takwimu tu, Vita vya Kagera vinaonekana kuwa vita vya gharama ndogo. Idadi inayotajwa zaidi ya askari wa Tanzania waliofariki ni 373, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano yenyewe. Upande wa pili upo utawala wa miaka minane wa Idi Amin nchini Uganda ulioanza Januari 25, 1971, ambao Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria kuwa uliua watu wasiopungua 80,000, na pengine 300,000. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani Septemba 1972 na hakuonekana tena. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, serikali ikatangaza kuwa amekufa kwa ajali ya gari. Ukiziweka idadi hizo pamoja, jibu linakuja lenyewe: nduli alistahili kung'olewa, na bei ilikuwa nafuu. Nusu ya kwanza ya jibu hilo naikubali. Nusu ya pili naikataa, kwa sababu inafunga daftari mapema mno.

Wa kwanza kulipa hawakuwa askari. Oktoba 30, 1978, majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo lililo kaskazini ya mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, na Novemba 1 Amin akatangaza kuwa ni ardhi ya Uganda. Daraja la Kyaka, lililoliunganisha eneo hilo na Tanzania nyingine, lililipuliwa siku mbili baadaye. Ng'ombe waliswagwa kuvushwa mpaka, mali ya kiwanda cha sukari cha Kagera ikabebwa, nyumba zikaporwa. Raia waliouawa wakati wa uvamizi huo wanakadiriwa kufikia 1,500, yaani karibu mara nne ya askari wetu wote waliofariki hadi vita vinakwisha. Hata hivyo majina tunayoyakumbuka ni ya makamanda: Musuguri, Mayunga, Walden, Marwa. Wakulima wa eneo ambalo leo ni Missenyi hatuwataji, ilhali wao ndio waliotoa sehemu kubwa zaidi ya damu ya Tanzania katika vita hivi.

Wapo wanaosema kwamba Tanzania ingetosheka kumrudisha adui ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Hoja hii si ya kubezwa, maana kufikia Januari 1979 ardhi yote ilikuwa imesharudi. Lakini jirani aliyekuwa upande wa pili tulishamjua. Makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba 1972 yaliyataka mataifa haya mawili yasishambuliane, na hayakuizuia Oktoba 1978. Rais Nyerere aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika uulaani uvamizi na Amin alipe fidia. Hakupata hata kimoja. Kuishia mpakani kungemaanisha kuweka jeshi Kagera bila ukomo, na waliozikimbia nyumba zao wasingejua lini ni salama kurudi. Kwa hiyo kuvuka kulikuwa na haki yake. Ila ukweli wote usemwe: Kampala haikuwamo katika mpango wa mwanzo. Shabaha ilikuwa Masaka na Mbarara, kisha Waganda wenyewe wammalizie. Miji hiyo ilitekwa mwishoni mwa Februari, na majengo yake mengi yakabomolewa kwa baruti kulipiza kisasi cha Kagera. Watu wa Masaka hawakuivamia Kagera. Walikuwa wamekaa chini ya Amin miaka minane, kisha wakaadhibiwa kwa kosa lake, na safari hii mikono ilikuwa yetu. Libya nayo ilileta askari wake kumwokoa Amin, ukapiganwa usiku mgumu wa Lukaya mwezi Machi, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Julai mwaka huohuo, viongozi wa Afrika walipokutana Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya wenyewe. Kanuni ya kutoingiliana ilikuwa na sababu nzuri, kwani bara lenye mipaka iliyochorwa na wakoloni lingeweza kuteketea kama kila mwenye jeshi angejitwisha kazi ya kuwarekebisha majirani. Lakini kanuni hiyo ilikuwa imegeuzwa ngao ya watawala peke yao. Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanya mkutano wake Kampala na kumpa Amin uenyekiti, Tanzania ikasusia. Chombo kilichomweka kitini mwuaji wa raia zake kilikuwa kimepoteza haki ya kumfundisha mtu heshima ya mipaka.

Pagumu ni yaliyofuata, na hapa ndipo washangiliaji wa ushindi hunyamaza. Yusuf Lule, aliyechaguliwa katika mkutano wa Moshi wa Machi 1979, alitawala siku 68. Godfrey Binaisa aliondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi, huku askari wa Tanzania wakiwa Kampala bila kuingilia. Katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo Paulo Muwanga, mwenyekiti wa tume hiyo, alijitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo, na Milton Obote akarudi madarakani. Wakati huo askari wa jeshi jipya la Uganda walikuwa wamekwisha kulipiza kisasi West Nile, nyumbani kwa Amin, watu wakikimbilia Sudan na Zaire. Kisha vikaja vita vya msituni vya Luwero hadi Januari 1986; makadirio ya waliokufa yanatofautiana mno, lakini hata yale ya chini ni makumi ya maelfu.

Utaambiwa kwamba Luwero ni mzigo wa Waganda wenyewe. Kwa sehemu kubwa ni kweli: aliyefyatua risasi ndiye mwuaji. Lakini Tanzania ilikuwa na maelfu ya askari Uganda hadi katikati ya 1981, na Obote alikuwa mgeni wa Mwalimu Nyerere Dar es Salaam tangu 1971. Mwenye bunduki pekee zilizotii amri katika nchi isiyo na serikali hawezi kusema hakuwa na sauti. Tanzania ilijua namna ya kufika Kampala. Nani atawale baada ya hapo, na kwa ridhaa ya nani, ni jambo lililoachiwa mkutano wa siku tatu Moshi na matumaini mema.

Nyumbani nako bili ilifika. Vita vinakadiriwa kugharimu dola milioni 500, katika nchi ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeivunjikia mwaka 1977 na ambayo mafuta yaliipandia bei mwaka 1979. Mabasi na malori yalichukuliwa kwenda mstari wa mbele. Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mkanda. Foleni za sukari na sabuni zilidumu miaka. Si vita peke yake vilivyozileta, lakini vilimkuta mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Naandika haya nikiamini bado kwamba kumwacha Amin kungekuwa vibaya zaidi. Lakini anayechukua Kagera kuwa kielelezo achukue daftari lote. Mwaka 1997 Mobutu wa Zaire, yaani Kongo ya leo, aliangushwa kwa msaada wa majeshi ya majirani, na wachache walimlilia. Mwaka uliofuata Kongo iliingia katika vita vingine, na makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa na maradhi, yanafika mamilioni. Umoja wa Afrika, katika kifungu cha 4(h) cha mkataba wake wa mwaka 2000, umejipa haki ya kuingilia kati nchi mwanachama kunapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hapo Nyerere ameshinda ubishi wa Monrovia. Kifungu hicho kinasema lini jeshi linaweza kuingia. Nani alinde raia na nani aandae uchaguzi asubuhi ya baada ya ushindi, hakisemi.